Tairi la Nyuma Kushoto

3 Februari

Mwanangu Nati,

Salamu nyingi. Natumaini kazi inakwenda na mgongo wako haujaanza kulalamika kama wangu. Sisi huku hatujambo. Mama yako yuko kwenye cherehani yake, anakusalimu, na ameniamuru nikuulize kama unakula chakula au unaishi kwa chai.

Ninaandika kwa sababu gari limenishinda, na katika ukoo wetu fundi wa matairi ni wewe peke yako. Ningekupigia, lakini unajua masikio yangu yalibaki kwenye msumeno wa umeme. Kuongea na mimi kwenye simu ni sawa na kuongea na gogo.

Jiwe lilichana tairi la nyuma upande wa kushoto, tena ubavuni, mahali pasipozibika. La spea nalo limekuwa kipara kama kichwa changu. Nikanunua jingine kwa muuza matairi wa hapa barabarani. Zuri tu, bado lina vile vinyweleo vya kiwandani. Matatu mengine ni yaleyale uliyonifungia ulipokuja.

Tangu siku hiyo gari limebadilika tabia. Likienda moja kwa moja halina neno. Nikikata kona kali linaguna, linashikashika, kama mtu anayeburutwa asikotaka kwenda. Nikifika nyumbani nasikia harufu chini yake, kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Muuzaji anasema tairi jipya huhitaji muda kuzoeana na wenzake. Ni kweli?

Si jambo la haraka. Gari lenyewe siku hizi halina kazi, ni sokoni na kurudi.

Baba yako


11 Februari

Shikamoo Baba,

Matairi hayazoeani. Mwambie huyo muuzaji kwamba tairi si bibi harusi, halihitaji siku za kuzoea nyumba.

Gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne kwa pamoja. Ndiyo maana nilikuchagulia hilo, kwa ajili ya udongo wa huko. Lakini magari ya namna hiyo yana masharti: matairi yote manne yawe na namba moja, na yalike sawasawa. Tairi lililolika ni dogo kuliko jipya, hata kama macho hayaoni. Dogo linazunguka zaidi ili lifike palepale. Kumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono kunipeleka shule. Wewe hatua moja, mimi mbili, tena mbiombio. Tulifika pamoja, lakini bega langu liliuma. Sasa huko chini ya gari kuna chombo kilichoyashika magurudumu mkono, ya mbele na ya nyuma, na difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, nayo imeyashika la kushoto na la kulia. Hivyo ndivyo vinavyoumia. Harufu unayoisikia ni mafuta yake yanaungua.

Nakuomba usome namba zilizoandikwa ubavuni mwa kila tairi. Usikisie, piga magoti usome. Halafu chukua ile rula yako ya chuma, upime urefu wa meno ya kila moja. Uniandikie.

Lakini Baba, kuna jambo sielewi. Yale matairi niliyafunga kwa mikono yangu, na spea ilikuwa bado mpya. Leo unaniambia spea ni kipara. Maana yake uliishusha, ikafanya kazi, ikaisha. Gari la sokoni na kurudi halili matairi hivyo. Unakwenda wapi?

Na kwa nini Mama hapokei simu? Nimepiga mpaka msimamizi wangu ameniuliza kama nina mchumba anayenikimbia.

Binti yako,
Nati


20 Februari

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Baba yako ameisoma barua yako kwa sauti, akaikunja, halafu akaenda kupiga randa ubao usio na mwenyewe. Ukisikia baba yako anapiga randa ubao usio na mwenyewe, ujue umembana. Mwonee huruma mzee wa watu.

Simu yangu iliangukia kwenye ndoo ya nguo. Niliianika juani kama soksi lakini haikufufuka. Kwa hiyo usihangaike kupiga, andika tu, maandishi yako mazuri kuliko sauti yako, nayo niliyalipia karo.

Gari anabebea mbao. Kuna watu wanajenga ng'ambo ya mlima, wanataka milango na madirisha, na unamjua baba yako, neno "hapana" hakufundishwa utotoni. Ndiyo maana matairi yanaisha. Basi, umeshajua, usimchimbe tena.

Mimi mzima. Kazi nimepunguza kidogo kwa sababu miguu inachoka kukanyaga cherehani. Ni uzee, na uzee si ugonjwa, ni zawadi ambayo wenzangu wengi hawakuipata. Nimejishonea magauni mawili mapana, napumua humo ndani kama niko uani. Baba yako anasema nafanana na pazia. Nikamwambia, pazia ndilo linaloisitiri nyumba.

Juzi nimekuota. Ulikuwa mdogo, umegawa viatu vyako kwa mtoto wa jirani, ukarudi pekupeku unacheka. Nilikuchapa siku ile, unakumbuka? Si kwa sababu ya viatu. Niliogopa. Niliona nimezaa mtoto asiyejua kubakiza. Jifunze kubakiza, mwanangu. Mtu ana mwili mmoja tu.

Kunywa maji mengi. Na usibane mkojo kwa ajili ya kazi, matairi yatakusubiri.

Mama yako


24 Februari

Mwanangu Nati,

Nimepiga magoti kama ulivyosema. Kuinuka ndiko kulikuwa kazi.

Matairi matatu ya zamani yameandikwa 215/65, ringi 16. Lile jipya ni 215/70, ringi 16. Nilirudi kwa muuzaji, nikamwonyesha. Akasema ringi kumi na sita ni ringi kumi na sita, hayo mengine ni mapambo.

Meno ya mbele yote mawili ni milimita tatu. Nyuma kulia ni nne. Jipya ni nane.

Nina swali moja. Likiendeshwa hivihivi linaweza kuvumilia mpaka lini? Usiniambie nilipumzishe. Hizo mbao zina wenyewe, na wana siku zao.

Baba yako


4 Machi

Shikamoo Baba,

Haliwezi kuvumilia. Tairi hilo ni refu kwa namba, halafu ni refu tena kwa meno. Hapo huna matairi manne, una matatu na mgeni. Linaweza kufa kesho, linaweza kufa mwezi ujao, lakini likifa halitakupigia hodi.

Mpelekee Fundi Taratibu, aitoe propela, ule mtaimbo wa chini unaopeleka nguvu nyuma. Litavuta kwa mbele tu, na kwa barabara ya sokoni hiyo inatosha. Mlimani usipande nalo hivyo. Kwenye tope litateleza kama sabuni bafuni.

Nimekuagizia manne ya namba moja. Mawili yapo ghalani kwetu tayari, mawili yanakuja. Lori la mizigo linaondoka wiki hii, na ningeweza kukutumia hayo mawili, lakini mawili mapya na mawili yaliyolika ni ugonjwa uleule. Nasubiri yatimie, yapande lori la mwezi ujao. Mbao zingoje. Mbao haziozi kwa mwezi mmoja.

Na sasa niseme lililo moyoni. Dereva wa lori hilo alikuja kubadilisha tairi hapa, tukaongea. Anasema anakutana nawe mara kwa mara kwenye barabara ya mlima, asubuhi, na hajawahi kuona ubao hata mmoja. Anaona mtu amekaa kiti cha nyuma, amejifunika shuka mpaka kichwani.

Unabeba abiria, Baba. Nyumbani kumepungua, ukaona haya kuniambia, na Mama anakufichia kwa hadithi za milango na madirisha. Umri wako huo, barabara ile, gari linaloguna! Nilikasirika, halafu nikalia chooni ili wenzangu wasinione. Mlinilea mkaninyooshea njia. Kuniomba mimi si kuomba.

Nakusihi, liache hapo lilipo. Hao abiria watafute usafiri mwingine.

Nati


15 Machi

Nati,

Si abiria.

Mvua imeanza, mapema kuliko tulivyotarajia. Fundi Taratibu alitaka kuitoa propela, nimemkatalia. Mlima haupandiki kwa magurudumu mawili.

Kama kuna lori lolote linalokuja upande huu, tuma matairi uliyonayo. Hata hayo mawili. Nakuomba. Siwezi kueleza zaidi, nimeapa.

Baba yako


9 Aprili

Kwa Nati, binti wa seremala,

Pole tena kwa msiba. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, sikupata nafasi ya kukupa mkono vizuri. Lakini uliponikuta uani ukaniuliza gari lilipatwa na nini, nikakujibu, "Mambo ya mlima hayo." Tangu umeondoka jibu hilo linaniwasha. Fundi hamjibu fundi mwenzake hivyo. Watu waliniita Taratibu kwa sababu ya mikono, sasa naona hata ulimi umo.

Kwamba mama yako figo zilikuwa zimeacha kazi, na kwamba baba yako alikuwa akimvusha mlima mara mbili kila wiki kwenda kusafishwa damu kwa mashine, hayo uliyasikia msibani. Ambayo hukuyasikia ni haya.

Siku ile walitoka asubuhi kama kawaida, mvua inanyesha. Pale juu ambapo barabara inajikunja kama kiwiko, difu ya nyuma ikakamata. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka kabisa. Baba yako aliposhuka aliona moshi. Akalisukuma, akachimba tope kwa mikono, wapi. Nyuma yao kifusi kikashuka kikafunga njia. Akambeba mama yako mgongoni hadi kwenye kibanda cha mabati cha watu wanaotengeneza barabara.

Mpita njia mmoja alinifikishia habari. Nikapanda kwa miguu, begi la spana begani. Nikamkuta baba yako ameketi chini, kichwa cha mama yako mapajani mwake. Mama yako alikuwa amevimba uso, anapumua kama mtu anayezama. Aliponiona akafungua macho, akasema, "Fundi, leo umekuja haraka. Basi dunia inaisha." Baba yako akacheka, mimi nikacheka, na yeye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikaingia chini ya gari. Nikajaribu kila ninachojua. Gari lile lilihitaji difu nyingine.

Usafiri wa kwanza kupita ulikuwa katapila la kufungua njia, kesho yake. Walimfikisha hospitali. Mashine ilikuwepo na wauguzi walikuwepo. Yeye hakuwepo tena.

Sasa difu nimeifungua. Mafuta ni meusi kama lami, meno yamemeguka, na kile chombo cha katikati kimeungua hadi chuma kimegeuka rangi ya bluu. Wewe unajua maana yake, nisikufundishe kazi yako.

Baba yako huja hapa kila siku. Hakai. Anasimama mlangoni ananiuliza, "Ni tairi?" Nami najifanya natafuta spana. Jana ameuliza tena, nikamwambia, "Mzee, mwulize Nati. Yeye ndiye mtaalamu."

Nisamehe kwa kukutwika.

Fundi Taratibu


17 Aprili

Mwanangu Nati,

Ulipokuwa hapa hatukuongea. Nilikuona unaosha vyombo vya watu, unapanga viti, hukai, nikajua unanikwepa kama ninavyokukwepa. Kisha likizo yako ikaisha ukaondoka.

Nianze na ninalodaiwa kukueleza. Daktari alipotuambia habari za figo, mama yako alitoka nje, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Nilidhani atalia. Akasema, "Nati akijua atafika kesho na figo mkononi." Nikamwambia hilo si jambo baya, watu wanafanya. Akasema, "Mimi nilimzaa nikampa viungo vyote. Sichukui hata kimoja." Nikataka kubishana. Akanishika shati kifuani, mbele ya mwanamke aliyekuwa akifagia, akaniapisha. Akamwambia na yule mfagiaji, "Wewe ni shahidi."

Nikatafuta chumba cha kupanga karibu na hospitali. Akakataa. Akasema cherehani yake haihami. Basi tukawa tunavuka mlima. Njiani alikuwa akijifunika shuka kwa sababu ya baridi, na kwa sababu hakutaka mtu yeyote amwone akakupelekea habari. Simu haikuanguka kwenye ndoo. Alisema pumzi yake ingemsaliti.

Ulipoandika kwamba nabeba abiria, nilimsomea. Halafu akasema, "Afadhali akuone mwenye tamaa kuliko anione mimi hivi." Nikaendelea kutunza kiapo. Wewe ukanifikiria ulivyonifikiria, na haki yako.

Watu wanakuja kunifariji. Wanasema ni mipango ya Mungu. Wanasema siku yake ilifika, na siku ikifika haina kona. Shangazi yako anasema hata watu waliolala vitandani hospitali hufa. Nawashukuru, nawapa viti, naitikia. Lakini mimi ni seremala. Kiti kikianguka na mtu, siulizi mipango ilikuwa ya nani. Nakipindua niangalie mguu upi ulilegea.

Fundi Taratibu haniambii. Anatafuta spana ambayo anayo mkononi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na nijibu kama fundi, si kama mtoto. Ni tairi?

Baba yako


26 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua hii nimeiandika mara nyingi. Ya kwanza ilisema gari lilikuwa la zamani, difu hufa tu, lingeweza kuharibika hata kama lingekuwa na matairi mapya. Ilikuwa barua nzuri. Msimamizi wangu aliisoma, akasema, "Itume hiyo, mzee apate usingizi." Nikaiweka kwenye bahasha. Nikaikalia siku nzima, halafu nikaichana.

Ndiyo, Baba. Ni tairi.

Lile la nyuma kushoto lilikuwa refu kuliko lenzake la kulia na kuliko yale ya mbele. Kila mlipovuka mlima, difu na chombo cha katikati vilikuwa vikivutana bila kupumzika, vikipata moto, mafuta yakiungua. Siku ile vilifika mwisho. Kama matairi yangelingana, gari lingepita kona ile. Kama angeishi miaka au wiki baada ya hapo, sijui, hilo si la fundi wa matairi. Ulichoniuliza nimekujibu.

Barua yako ya kuomba hata yale mawili ilinifikia lori limeshaondoka. Yangekufaa? Labda, labda yasingekufaa. Nilisoma "si abiria" nikasema moyoni, mzee bado ananidanganya. Sikutafuta lori jingine, nikayaacha ghalani. Kila asubuhi nafungua ghala hilo.

Sasa nisikilize na mengine, kwa kuwa leo hatufichani. Nina hasira na Mama. Najua hairuhusiwi. Lakini alikuwa sahihi juu yangu, ningekuja na figo mkononi, na hilo lilikuwa langu kuamua. Angeweza kukataa nikiwa nimesimama mbele yake. Tungegombana. Angenitukana, ningemtukana kimoyomoyo, tungelia, tungekunywa chai. Na hata kama figo yangu isingemfaa, ningekaa naye kile kiti cha nyuma. Dereva wa lori amemwona mama yangu mara nyingi kuliko mimi mwaka huu, na mimi nikamwita abiria. Niliandika "watafute usafiri mwingine." Wewe ukamsomea.

Sikulaumu kwa kiapo. Wala kwa tairi. Ulifunga ulilolipata kwa sababu mashine haingojei, na ungeniambia mashine ni nini ningelibeba tairi kichwani mwenyewe. Hiyo ndiyo hesabu yangu ninapoipiga, na kila nikiipiga inatuangukia sisi watatu pamoja, hakuna anayebaki nje.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usinifiche tena kitu kwa sababu unanipenda.

Matairi yametimia manne. Nimeyapandisha kwenye lori. Sijui yana kazi gani sasa, lakini yalikuwa yako.

Nati


8 Mei

Nati, mwanangu,

Matairi yamefika. Fundi Taratibu ameyaweka kwake, na hajaniuliza nitayafanyia nini. Nami sijajua.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye lile neno nikaketi juu ya meza ya kazi, kwenye maranda. Nilidhani litaniua. Halikuniua. Wote walionijia walinifariji, wewe umenijibu. Usiku ule nililala, na sikulala kwa kuwa nimepata nafuu. Nililala kama mtu aliyetua mzigo chini ili auone ni mzigo gani.

Hasira yako kwa mama yako iache iwepo. Hata mimi ninayo. Naitengea mahali mezani.

Sasa nikueleze nilichofanya. Juzi nilipanda basi linalozunguka mlima kwa chini, safari ya siku nzima ambayo mama yako asingeiweza, nikaenda hospitali. Nilikumbuka kwamba siku ile tulipokelewa mlango wa dharura, na wale wa chumba cha mashine hakuna aliyewapa habari. Nikaona si adabu. Walikaa naye mara mbili kila wiki, mtu hawezi kutoweka tu kama mvuke.

Nilipoingia walinitambua. Kile ni chumba kirefu, viti vya kulalia vimepangwa ukutani, kila mtu na mashine yake, mirija mikononi. Muuguzi akaniambia, "Mzee! Tulidhani mmehamia hospitali nyingine." Mwalimu mmoja, mgonjwa mwenzake, akaniuliza, "Mama Nati yuko wapi? Ameniahidi kunikatia suruali." Wakaanza kusema wote kwa pamoja, na kwa kuwa sisikii vizuri walipaza sauti, ikawa kama soko. Wote wanakujua. Wanajua unainua tairi la lori kama sinia. Wanajua ulivyogawa viatu. Huko, ambako hakukuwa na mtu wa kukupelekea habari, alikuwa akikusema wewe tu, saa zote alizofungwa kwenye ile mirija.

Nikataka kuwaambia siku yake ilifika. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamelainishwa na watu wengi, yanateleza yenyewe. Nikayameza. Nikawaambia, "Mama Nati amefariki. Gari liliharibika mlimani tukiwa tunakuja huku. Nilifunga tairi lisilolingana na mengine. Niliambiwa nisiliendeshe, nikaliendesha, kwa sababu ilikuwa siku yake ya mashine."

Chumba kizima kikanyamaza. Najua kilinyamaza kwa sababu niliona midomo yao imefumba.

Nikageuka niondoke. Bibi mmoja wa karibu na dirisha, mkono wake umefungwa kwenye mirija hawezi kuinuka, akanyoosha mguu, akaisukuma stuli ya wageni mpaka ikanigusa goti. Akasema kwa sauti kubwa nisikie, "Baba Nati, kaa."

Nikakaa. Nikalia, mwanangu. Msibani sikulia, kila nilipoanza kulikuwa na mkono begani na mtu anasema nyamaza, jikaze, wewe ni mwanaume. Pale nililia mpaka shati likalowa. Mwalimu naye alikuwa analia. Muuguzi alikuwa akipita anabadilisha chupa, anapita tena. Damu zao zilitoka, zikasafishwa, zikarudi, na mimi nipo katikati yao nalia, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ninyamaze.

Baba yako